Daftari la Chila

Mtu aliyenifundisha baridi alikuwa anavaa sweta mwaka mzima. Lilikuwa sweta la kijani la vifungo, na kiwiko cha kulia kilikuwa na kiraka cha buluu. Mwezi wa kumi Mpanda, wakati hata mbwa wa mtaa wa Shanwe wanaona uvivu kubweka kwa sababu ya joto, yeye alikuwa amelifunga hadi shingoni, na chai yake ilikuwa lazima imfikie ikiwa bado inafuka. Huyo ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya kila kitu cha baridi katika maabara yetu. Tulimwita Inchaji kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi, na hata usimamizi ulipoondolewa mikononi mwake hatukupata jina jingine la kumwita.

Alizikwa Ikola, huko ziwani, masika yaliyopita. Waliomfahamu wananiuliza kama nilimwona kabla hajafa, nami nawajibu kwamba nilimwona, mara moja. Sijawaambia kwa nini ilikuwa lazima nimwone. Kuna jambo nililomfanyia pale maabara ambalo sikuwahi kumtamkia, na kwa miaka tisa hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mmoja wetu angetangulia kabla sijalitoa mdomoni. Nitalifikia. Kwanza mniache nieleze habari zake yeye, maana nimemkumbuka, na kumkumbuka kwenyewe hakuna mpangilio.

Maabara yetu ilikuwa ya vyumba vitatu. Kwenye chumba cha nyuma ilikaa chila, mashine yenye kimo cha mbuzi mkubwa, ambayo kazi yake ni kupoza maji na kuyasukuma kwenye mabomba hadi kwenye kabati. Humo kabatini ndimo zilimokaa damu za wagonjwa zikisubiri kupimwa, pamoja na vitendanishi, yaani zile dawa za kupimia. Maji yakiwa nyuzi nne, kila kitu salama. Yakipanda sana, damu inaharibika na dawa zinaanza kudanganya, na mwenye afya anaambiwa figo zake zimekufa au mgonjwa anaambiwa nenda kalime. Mbele ya chila palikuwa na kioo kidogo cha namba na vitufe vinne. Mimi nilipofika kutoka chuoni nilidhani kazi ni kubonyeza. Inchaji alinifundisha wiki nzima bila kuniruhusu nibonyeze hata kimoja.

“Kioo kinasema ngapi?” aliniuliza siku ya kwanza.

“Nne, Inchaji.”

“Na glasi?”

Glasi ni kipimajoto chake cha zamani, alichokifunga uzi mwekundu na kukining’iniza ndani ya maji. Nilikivuta nikasoma. “Tano na nusu.”

“Tumwamini nani sasa?”

“Glasi.”

“Glasi nayo uliipima lini?”

Akanituma sokoni, kwa wanaouza samaki wa Ikola, nikaombe barafu. Nilirudi na mfuko unachuruzika, nikaiponda, nikaichanganya na maji, tukaitumbukiza glasi humo tukasubiri. Ikasoma sifuri sawasawa. Hapo ndipo aliporidhika, akaiingizia chila masahihisho ya nyuzi moja na nusu, kioo na glasi vikaongea lugha moja. Kila mwanzo wa mwezi tulifanya hivyo. Wale wauza samaki walinizoea, wakiniona wanasema, “Daktari wa barafu huyo,” na mimi naona aibu kama mtu aliyetumwa chumvi na mama yake.

Mimi ni Msukuma, nyumbani kwetu tulihamia Katavi na ng’ombe. Yeye alikuwa Mpimbwe, Mkatoliki wa rozari mfukoni, mtoto wa watu wa mpunga. Alikuwa na maneno yake juu yetu. Nikikurupuka kufanya jambo ananiambia, “Baba, hapa hakuna ng’ombe wa kuswaga. Tulia.” Kwetu mwanamke wa umri wa mama unamwita mayu, na siku moja lilinitoka bila kukusudia. Aligeuka, akaniangalia juu ya miwani. “Hilo nalo ni cheo?” Nikamweleza maana yake. Toka siku ile nikimwita Inchaji ananijibu kikazi, nikimwita mayu ananiuliza kama nimekula.

Somo la pili lilikuwa la kupumua. Chila haikai kwenye nne kila dakika. Tuliipanga iwake maji yakifika tano, izime yakirudi nne. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona nyuzi moja nzima ni uzembe, nikamwomba tuibane, iwake maji yakifika tu nne nukta mbili. Hakunibishia. Alinipa kiti, akaniambia nibane, nikae, nihesabu. Ile mashine iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, ikitetemeka hadi vikombe vikagongana mezani. Nilipofika mara ya ishirini alirudi na chai yake.

“Unaona inavyohema? Utaiua kwa wiki mbili,” alisema. “Ipe nyuzi moja ya kukosea. Hata mtu, ukimkamata kwa kila kidogo, anaharibika.”

Nami nilirudisha ile nyuzi moja. Sasa mimi mwenyewe ni msimamizi wa maabara nyingine, nina vijana watatu chini yangu, na mara nyingi nikitaka kufoka nasikia vile vikombe.

Umeme wa Mpanda siku zile ulikuwa na tabia zake. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla hujamaliza kushukuru. Kompresa ya chila ikiwashwa mara tu umeme unaporudi inaweza kuungua, kwa hiyo Inchaji aliipangia dakika tano za kusubiri. Umeme umerudi, taa zinawaka, redio ya mlinzi inaimba, chila imenyamaza inahesabu dakika zake. Mgeni anaweza kudhani imekufa. Yeye mwenyewe alijipangia hivyo hivyo. Ukimwendea na habari mbaya, au mtu akija kumgombeza, alikuwa anaanza kufunga vifungo vya sweta, cha chini hadi cha juu, polepole, hata kama vyote vilishafungwa. Hapo lazima avifungue kwanza. Kuna mfugaji mmoja aliwahi kuingia na fimbo, amekasirika kwamba majibu ya mke wake yamechelewa, anaongea Kisukuma cha haraka na mimi natafsiri kwa kuogopa, mengine nayaruka. Inchaji alifunga vifungo vyote sita. Kisha akasema, “Mwambie ana haki. Halafu mwambie akae, kuna chai.” Yule mzee alikunywa vikombe viwili na wakati wa kuondoka akamwachia maziwa.

Msidhani alikuwa mtu wa kipimo katika kila kitu. Alikuwa na msemo, “Badilisha kimoja, subiri,” maana ukigusa namba mbili kwa mpigo mmoja hutajua ipi imeleta nini. Lakini jikoni kwake, huko Misunkumilo, alikuwa anamwaga chumvi, pilipili, nyanya na maji vyote pamoja kisha anaondoka kwenda kuongea na jirani. Krismasi alitualika. Wali ulikuwa umeungua chini, juu ni mbichi, katikati sijui niseme nini. Tulitazamana. “Nyie kuleni,” alisema, “mchele wa kwetu haujawahi kuua mtu.” Tulikula. Kanisani alikuwa anachelewa kila Jumapili, anaingia wakati wa mahubiri, anapita katikati na sweta lake. Na umri wake hakuna aliyewahi kuupata. Mwanamke aliyedai nukta za joto la maji, ukimuuliza ana miaka mingapi anasema, “Ya kutosha.”

Sasa daftari. Kando ya chila lilining’inia daftari kubwa la jalada gumu, nililoliandika mimi kwa herufi kubwa, CHILA. Lilikuwa na safu tano: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, sababu, sahihi. Hakuna namba iliyobadilishwa kwenye ile mashine bila kuandikwa pale, na safu aliyoisoma kwanza ilikuwa ya sababu. Ukiandika “kama kawaida” anakuita. “Kawaida ni nyuzi ngapi?” Ukiandika “kuboresha” anakuita pia. Alitaka uandike jambo lenyewe, kwa maneno ambayo hata mlinzi angeyaelewa. Na hakukubali kurudisha tarehe nyuma. Ijumaa moja nilirekebisha masahihisho ya glasi nikasahau kuandika. Jumatatu nikaja nikaandika tarehe ya Ijumaa.

“Leo ni Ijumaa?” aliniuliza.

“Hapana, Inchaji.”

“Uliandika lini?”

“Leo.”

“Basi weka ya leo. Daftari lijue kwamba ulikumbuka Jumatatu. Si dhambi kuchelewa, baba. Dhambi ni kujifanya uliwahi.”

Karatasi nazo hakutupa. Daftari lililobaki kurasa nyeupe alikuwa analigeuza na kuanza kulitumia upande wa nyuma kwa kazi nyingine. Nyumbani kwake maombi ya jumuiya yaliandikwa nyuma ya orodha za vitendanishi.

Vitufe vya chila vilifungwa kwa namba ya siri. Kwa muda mrefu aliijua yeye peke yake. Mwaka wangu wa tatu aliniita chumba cha nyuma, akashika mkono wangu, akaiandika kiganjani kwa kalamu, akasimama pale hadi nikaikariri na kunawa. Sikuwahi kupewa kitu na mtu mkubwa kikanifurahisha vile. Nilitembea hadi nyumbani nikijiona mrefu.

Haikufika hata mwezi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, zamu yangu, niko peke yangu. Kulikuwa na mpira, mechi kubwa, nami ninasikiliza kwenye simu. Umeme ukaamka na vituko vyake. Kila ukirudi, maji yanakuwa yamepanda kidogo, na alamu ya chila inalia. Tuliipanga ilie maji yakipita nyuzi nane, na ililia kwa sauti ya kukera, makusudi, ili mlinzi akiisikia saa yoyote ampigie Inchaji simu. Mara ya kwanza niliizima nikarudi kwenye mpira. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikakosa kusikia penalti. Nikaingiza namba ya siri, nikatafuta kikomo cha alamu, nikakipandisha kutoka nane hadi kumi na nane. Nilijiambia nitakirudisha mpira ukiisha, na kwa kuwa nitakirudisha, sioni haja ya kuandika. Mpira uliisha, nikafunga mlango nikaenda na wenzangu mjini, nikasahau kabisa.

Jumapili uchafu uliziba njia ya maji kwenye pampu. Maji hayakuzunguka, yakapata joto pamoja na kabati, nyuzi kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Alamu ilinyamaza kama nilivyoiambia. Mlinzi alikaa nje siku nzima akiamini kimya kile.

Jumatatu tulikuta damu za watu kumi na wanne zimeharibika. Wengine walikuwa watu wa mjini, tukawaita. Wengine walishapanda magari wakarudi vijijini wakisubiri majibu, akiwemo bibi mmoja wa huko kwa Wapimbwe aliyekuja kupimwa figo na miguu imevimba. Inchaji alikwenda mwenyewe kwa bodaboda kuwatoa damu upya, siku tatu, vumbi hadi kwenye nyusi, mashine yake ya kupoza ikiwa ni kikasha cha barafu magotini. Wote aliwapata. Hakufa mtu, na hilo halikutokana na mimi.

Lakini kabla ya safari hizo, Jumatatu ile asubuhi, alisimama mbele ya chila akapitia mipangilio, moja baada ya nyingine, nami nimesimama nyuma yake. Akafika kwenye kikomo cha alamu. Kumi na nane. Akaiangalia ile namba muda mrefu. Watu waliokuwa wanajua namba ya siri tulikuwa wawili, na wote tulikuwa mle chumbani. Hakugeuka. Aliirudisha nane, akashusha daftari, akaandika mstari wake: kumi na nane hadi nane, sababu, sahihi. Juu ya mstari huo aliandika mwingine, namba mbili tu, nane, kumi na nane. Tarehe aliiacha wazi. Sababu wazi. Sahihi wazi. Akaliweka daftari mezani, limefunuliwa, na kalamu juu yake, akaenda kunywa chai.

Nilipita mbele ya ile meza mara tatu. Nasema ukweli wangu, mara ya pili niliishika kalamu. Niliogopa kazi, niliogopa wazazi, niliogopa zaidi ile sura yake. Nikaiweka chini.

Wakubwa walikuja wiki iliyofuata. Waliuliza nani alipandisha alamu. Inchaji alifungua vifungo vya sweta, akavifunga vyote sita, akasema, “Mimi ndiye inchaji.” Hakusema zaidi, hata walipomwuliza mara ya pili na ya tatu. Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake, kalamu mfukoni. Walimvua usimamizi na kumhamishia zahanati ya mbali, mahali pasipo na mashine ya kupanga namba yoyote. Siku ya kuondoka alinikabidhi glasi yenye uzi mwekundu. “Mwanzo wa mwezi, barafu,” alisema. Nikasema, “Sawa, Inchaji.” Nilitamani sana kusema mayu, nikaona sistahili.

Miaka ikapita. Siku hizi chila yangu ni ya kisasa, inanitumia ujumbe kwenye simu ikipata joto. Vijana wangu wanacheka ninapowatuma barafu sokoni. Mara nyingine umeme ukirudi, katika zile dakika tano za kimya, nakaa pale chumba cha nyuma peke yangu na kumtamani. Natamani aingie na kikombe chake, aniulize kioo kinasema ngapi. Ningefanya lolote nisikie akinikosoa.

Kiangazi cha mwaka juzi muuguzi mmoja aliniambia Inchaji amestaafu, anakaa Ikola kwa ndugu wa marehemu mume wake, sukari imemshika na macho yanamtupa. Sikusubiri Jumamosi.

Nilimkuta ameketi barazani, sweta lile lile, kiraka kile kile. Mbele ya nyumba dagaa walikuwa wameanikwa, harufu imejaa kila mahali. Nilimsalimia, “Shikamoo, Inchaji.” Hakuniona uso, ila alitega sikio.

“Marahaba. Wewe ni Msukuma wangu,” alisema. “Njoo unisomee.”

Aliniongoza ndani kwa kupapasa ukuta. Pembeni palikuwa na mtungi mkubwa, ndani yake mdogo, na katikati mchanga uliolowanishwa. Humo ndimo alimoweka dawa yake ya sindano ya sukari, maana umeme unakatika na friji hana. Uzi ulitokea mdomoni mwa mtungi, na mwisho wa uzi kulikuwa na kipimajoto kingine cha glasi.

“Mtoto wa shemeji ndiye anayenisomea, amekwenda Karema. Ngapi?”

“Ishirini na nane.”

“Mimi mwisho wangu ishirini na sita. Tufanyeje?”

“Tuongeze maji, halafu tuusogeze kwenye upepo, dirishani.”

“Kimoja, baba.”

Niliongeza maji. Tukasubiri. Alinipa chai ya moto ya kuunguza ulimi, akaniuliza habari za barafu, za wauza samaki, za chumba cha nyuma. Nilimjibu yote hayo, ila lile moja sikulitoa. Nilipousoma mtungi tena ilikuwa ishirini na tano.

“Andika,” alisema. “Daftari liko msumarini.”

Nililishusha. Lilikuwa na jalada gumu, limechakaa. Alikuwa ameligeuza, mtungi umeandikwa kuanzia nyuma, kwa mwandiko wa mtoto: tarehe, ya zamani, mpya, sababu, sahihi. Niliandika mstari wangu. Kisha nikaligeuza upande wa pili, nikaona herufi zangu kubwa. CHILA.

Alisikia karatasi. “Mtungi uko nyuma. Huko mbele ni Mpanda, nilihama nalo.”

“Najua, mayu.”

Niliupata ukurasa. Mstari ulikuwa pale, nane, kumi na nane, na nafasi tatu nyeupe.

“Mayu, ni mimi niliyepandisha ile alamu. Nilikuwa nasikiliza mpira.”

Alianza kufungua vifungo. Akavifunga, cha chini, kinachofuata, vidole vikitafuta tundu kwa shida, na sikuthubutu kumsaidia. Nilimwacha na dakika zake. Machozi yalikuwa yananitoka, na nilishukuru kwamba hayaoni, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Alipomaliza cha sita akauliza, “Nani alishinda?”

“Tulifungwa.”

“Haya, andika.”

Kwenye safu ya sababu niliandika: nilikuwa nasikiliza mpira, alamu ikanisumbua, nikaipandisha, nikasahau kuirudisha, nikaogopa kusema. Maneno yalijaa yakapanda pembeni. Nikaweka sahihi. Ikabaki tarehe. Nilianza kuitafuta ile Jumamosi kichwani, mwezi wake, mwaka wake, na kalamu ikasimama hewani.

“Weka ya leo,” alisema Inchaji.

Nikaweka ya leo.